Besi wa Machi na maji baridi ya Kentucky

Kifaa cha kwanza kuingia majini ni kipimajoto. Mzee wetu hukifunga kwenye uzi, hukizamisha ubavuni mwa kayaki yake hadi kina cha mkono, hukiacha kitulie, kisha hutangaza namba kwa sauti ili kila aliye karibu aisikie. Akisema 43, twajua kutwa itakuwa ndefu na vidole vitakufa ganzi. Akisema 48 na jua limetoka, kila mtu hukamata kafi. Akisema 52, yeye mwenyewe, ambaye huwa hasemi mengi kabla ya saa nne asubuhi, huanza kupiga mluzi.

Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, kipimo cha Wamarekani. Kwa Selsiasi ni kati ya nyuzi 6 na 11, maji ambayo mtu wa Mombasa au Kigoma asingeyagusa hata kwa kunawa uso. Hata hivyo, uvuvi wote wa besi wa mwezi Machi umo ndani ya tofauti hiyo ndogo. Besi mdomo-mpana ni samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na taya zinazopita usawa wa macho yake. Joto la mwili wake ni joto la maji anamoishi. Januari hukaa kwenye kina, hasogei sana wala hali sana. Maji yakianza kupata joto, njaa huamka kabla ya kitu kingine chochote, hasa kwa majike, maana wana mayai tumboni yanayohitaji kukomaa. Watataga maji yakifika nyuzi 60 hadi 65, yaani 16 hadi 18 za Selsiasi. Kati ya kuamka na kutaga kuna majuma kadhaa ya kula tu, na majuma hayo ndiyo yanayotutoa vitandani usiku wa manane, Jumamosi kwa Jumamosi, kuendesha gari saa mbili kwenda magharibi mwa jimbo.

Ziwa lenyewe, Kentucky Lake, limetengenezwa na binadamu. Mto Tennessee ulizibwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1944, kazi ya Tennessee Valley Authority (TVA), shirika la umma lililoundwa mwaka 1933 enzi za Rais Franklin Roosevelt kwa ajili ya kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme na kufungua njia ya meli. Maji yalirudi nyuma karibu kilomita 300, yakafunika zaidi ya ekari 160,000. Mwaka 1966 mto wa jirani, Cumberland, nao ukazibwa, likapatikana ziwa Barkley, na mfereji ukayaunganisha maziwa hayo mawili. Ukanda wa msitu uliobaki katikati unaitwa Land Between the Lakes, na umekuwa eneo la hifadhi na mapumziko tangu mwaka 1963. Familia zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa. Makaburi yao yamebaki msituni, na jamaa zao bado huenda kuyasafisha. Mtu anayepiga kafi kando ya msitu huo haoni nyumba hata moja, na ni vyema ajue kwa nini.

Upande huo wa msitu, mashariki mwa ziwa, ndio wetu. Una mahori mengi yaliyoingia msituni, Sugar Bay na Duncan Bay yakiwemo, yenye ufuo wa changarawe na mdomo mwembamba unaozuia mawimbi ya ziwa kuu. Kundi letu linabadilika kufuatana na zamu za kazi. Mimi ni mwenyeji wa Naivasha. Yuko ndugu mmoja wa Uvira, fundi wa magari, aliyefika Kentucky kama mkimbizi kama walivyofika Wakongo wengi ambao leo wanafanya Kiswahili kisikike madukani na makanisani huko Louisville, Lexington na Bowling Green. Yuko dada wa Mwanza, muuguzi, anayekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku na bado huwa wa kwanza kushusha kayaki. Na yuko mzee, mzaliwa wa hapahapa, mstaafu, aliyetufundisha karibu kila ninachokieleza katika makala haya. Sisi watatu tulimwita mzee tangu siku ya kwanza, na alipoelewa uzito wa jina hilo alilipokea kwa heshima.

Kwa muda mrefu uvuvi wa besi nchini Marekani umekuwa mchezo wa injini. Mwaka 1967 muuza bima wa Alabama, Ray Scott, aliandaa shindano katika ziwa Beaver huko Arkansas, na kutokana na shindano hilo kikazaliwa chama cha wavuvi wa besi kinachojulikana kwa kifupi kama B.A.S.S. Tangu hapo boti zimerefuka, injini zimefika nguvu za farasi 250, na boti mpya yenye vifaa vyote inaweza kugharimu dola 80,000 na kuzidi. Fundi wa magari anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa Uvira kila mwezi hawezi hata kuanza kuifikiria. Anaweza kukaa ufukweni na kurusha ndoana kutoka nchi kavu, lakini Machi samaki wengi bado wako mbali kidogo na pale anapofika.

Kayaki ndiyo iliyotuingiza. Asili yake ni Aktiki, ambako Wainuit na jirani zao waliishona kwa ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa, wakawindia humo baharini. Mwaka 1971 huko Malibu, California, kijana aliyeitwa Tim Niemier alianza kutengeneza aina ambayo mtu hukaa juu yake badala ya kujipenyeza ndani, na hiyo ndiyo iliyowafaa wavuvi, kwa kuwa mtu anaweza kugeuka, kupanga vifaa vyake na, akianguka, kupanda tena. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ikatoa mtambo wa kukanyaga kwa miguu, mikono ikabaki huru kwa fimbo na mshipi. Kayaki ya plastiki iliyokwishatumika hupatikana kwa dola mia kadhaa. Inabebwa juu ya gari dogo, haitaki mafuta, na inahifadhiwa nyuma ya nyumba ya kupanga.

Wapo wanaoihurumia kayaki kama chombo cha asiye na uwezo wa kununua boti. Kwa mwezi Machi sikubaliani nao hata kidogo. Besi anayesogea kutoka kwenye kina hupita mahali pa maji machache, mara nyingi yaliyo safi, na hushtuka upesi. Injini inayonguruma hori zima humrudisha alikotoka. Kayaki huelea kwenye maji ya magotini bila sauti, mradi mtu asigonge kafi kwenye ubavu. Kuna jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi. Mwenye injini akikosa samaki kwa nusu saa huhama, akatafuta kilomita kumi mbele. Sisi hatuwezi. Tukichagua hori asubuhi, hilo ndilo letu hadi jioni, kwa hiyo tunalazimika kulisoma kwa makini, ukingo kwa ukingo. Maji ya Machi yanampa samaki mwendo wa polepole, na mvuvi anayekwenda polepole ndiye anayekutana naye.

Kulisoma hori kunaanza na jua. Huku kaskazini mwa dunia jua la Machi hukaa upande wa kusini wa anga, hivyo ukingo wa kaskazini wa hori ndio unaopigwa na mwanga kutwa nzima. Ukingo huohuo umekingwa na upepo wa kaskazini, ule unaoleta baridi. Mzee alitufundisha hilo mara ya kwanza kwa kipimajoto: alipima joto ukingo wa kusini, akatuvusha hadi wa kaskazini, akapima tena, na ng'ambo ile fupi ikatoa tofauti ya nyuzi 4 za Farenhaiti. Mawe na changarawe hushika joto. Tope jeusi kwenye maji machache hulishika pia, hasa alasiri, na ndiyo maana katika msimu huu saa tisa mchana mara nyingi ni bora kuliko alfajiri, jambo lililomshangaza sana dada wa Mwanza aliyezoea kuona wavuvi wa ziwani kwao wakirudi asubuhi. Mvua ya vuguvugu ikinyesha usiku, kijito kinachoingia mwisho wa hori huleta maji yaliyopata joto na kuchafuka kidogo, na samaki huyafuata.

Kisha kuna ardhi iliyo chini ya maji. Kabla ya mwaka 1944 kila hori lilikuwa bonde lenye kijito chake, na mkondo wa kijito kile bado upo, umechimbika chini ya sakafu ya ziwa. Besi huufuata kama njia anapotoka kwenye kina. Pale mkondo unapokaribia rasi ya changarawe, husimama, wakati mwingine kwa siku kadhaa, akisubiri maji yapate joto zaidi. Shirika la TVA huweka ziwa chini wakati wa baridi ili kupata nafasi ya kupokea mafuriko, kisha kuanzia Aprili hulipandisha kama futi tano. Kwa hiyo vichaka vya ukingoni ambavyo mwezi Mei vitakuwa vimejaa samaki, Machi viko nchi kavu. Mgeni anayetupa chambo karibu na vichaka hivyo kwa sababu ameviona kwenye picha za kiangazi atarudi mikono mitupu. Sisi hukaa kwenye rasi, kwenye visiki na kwenye kona za mkondo.

Chambo cha msimu huu kinafuata kinacholiwa. Katika ziwa hili wamo samaki wadogo wa fedha, mfano wa dagaa, ambao baridi huwaumiza. Maji yakiwa karibu na nyuzi 45 wengi huzubaa, hutetemeka, hujikokota, huku wakifa mmoja mmoja. Besi ambaye hana nguvu ya kufukuza chochote humwona huyo anayekufa na kumsogelea. Ndiyo maana chambo tunachokiamini ni kile cha plastiki ngumu, chembamba, kilichosawazishwa ili kisimamapo kisizame wala kupanda, kining'inie palepale katikati ya maji. Cha pili ni kile kinachotetema na kupiga kelele za gololi ndani yake, ambacho Bill Lewis wa Louisiana alikifanya maarufu kwa jina la Rat-L-Trap. Machi wavuvi hukitaka cha rangi nyekundu, kwa sababu kamba wa maji matamu wanaanza kutoka kwenye mashimo yao na wengi wana wekundu huo.

Nilikuwa kayaki moja pembeni siku dada wa Mwanza alipompata jike mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona, kwa hiyo naweza kueleza ilivyokuwa. Kipimajoto kilisema 49. Alirusha chambo chake nyuma ya kisiki kwenye ncha ya rasi, akakishusha kwa kuvuta mara chache, kisha akaanza kazi: vuta, vuta, tulia. Ni kule kutulia ndiko kunakowashinda watu. Mzee alikuwa amemfundisha kuhesabu hadi ishirini kila anapokiacha chambo, na akiona vidole vinawasha, aanze kuhesabu upya. Upepo ulikuwa ukimsukuma taratibu, akawa anarekebisha kayaki kwa mguu mmoja uliotumbukizwa majini, buti la mpira likiwa limefika gotini. Mahali fulani kati ya kumi na ishirini, mshipi wake ulisogea kando. Haukuvutwa. Ulisogea tu, upana wa kiganja, kuelekea kushoto. Asingekuwa akiutazama asingejua. Aliinua fimbo.

Samaki wa maji baridi harukiruki. Alizama chini ya kayaki na kuizungusha nusu duara, fimbo ikapinda hadi ncha ikagusa maji, na dada akaachia mshipi utoke kidogo kidogo, bila kushindana naye. Alipoibuka ubavuni alikuwa amefungua mdomo, na ndoana moja tu kati ya tatu za chambo ndiyo iliyomshika, kwenye ngozi nyembamba ya pembe ya mdomo. Dada alilowesha mkono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaomlinda samaki na magonjwa, kisha akamshika taya la chini kwa kidole gumba. Meno ya besi ni kama msasa, hayakati. Tumbo lilikuwa limevimba, mapezi yote mazima, magamba ya mgongoni karibu meusi. Kwenye ubao wa kupimia alifika inchi 21, zaidi kidogo ya sentimita 53. Picha ikapigwa, akarudishwa majini akiwa ameshikwa wima hadi alipokaza mkia mwenyewe. Mzee alikuwa amevuka hori zima kuja kutazama. Alivua kofia.

Ubao huo wenye vipimo una nafasi ya pekee miongoni mwa wavuvi wa kayaki. Mashindano ya boti hubeba samaki kwenye tangi hadi mizani jioni. Kayaki haina tangi, kwa hiyo wavuvi wake wakabuni utaratibu wao: samaki hulazwa ubaoni, mdomo umefungwa na kugusa ncha, hupigwa picha pamoja na namba ya utambulisho ya siku hiyo, kisha huachiwa palepale alipovuliwa. Urefu wa samaki watano bora hujumlishwa, na hiyo ndiyo alama. Kentucky Lake imewahi kupokea mashindano makubwa ya kitaifa ya aina hii, na tangu mwaka 2020 hata B.A.S.S. ina mfululizo wake wa kayaki. Naupenda utaratibu huu kwa sababu samaki hatoki nyumbani kwake. Jike aliyebeba mayai akihamishwa kilomita nyingi na kuachiwa gatini amepotezewa msimu.

Sasa nizungumzie baridi, kwa sababu makala ya kusifia uvuvi wa Machi bila kutaja baridi yanaweza kumuua msomaji. Mchana wa Machi hewa inaweza kufika nyuzi 20 za Selsiasi, watu wakavaa fulana, na maji yakabaki 9. Macho yanaona kiangazi. Wataalamu wa uokoaji hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja: ukianguka kwenye maji baridi namna hiyo una kama dakika moja ya kuitawala pumzi yako, dakika kumi hivi ambazo mikono na miguu bado inatii, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Wengi wanaokufa hawafiki hata kwenye saa hiyo. Wengine hufa katika dakika ya kwanza, kwa kuvuta maji badala ya hewa.

Ndugu yetu wa Uvira ni mwogeleaji kuliko sisi sote. Amekulia ufukweni mwa Tanganyika, ziwa ambalo maji yake ya juu huwa nyuzi 24 za Selsiasi na zaidi mwaka mzima. Siku moja aligeuka kuchukua koleo nyuma ya kiti, kayaki ikalala ubavu, naye akaingia. Alikuwa amevaa jaketi la kujiokoa, kama tunavyovaa wote kabla hata ya kukanyaga maji. Alipoibuka macho yalikuwa yametoka na mdomo wazi, akihema haraka haraka kwa sauti ambayo sijaisahau. Aliita jina langu akalikatiza katikati. Dada wa Mwanza alikuwa wa kwanza kumfikia. Hakumvuta. Alimwambia, kwa sauti ya wodini, "Kaka, shika hapa, usifanye kitu, pumua tu." Baada ya pumzi kurudi, mimi na dada tuliishikilia kayaki yake kwa pande mbili, akapiga mateke, akajivuta kwa tumbo hadi juu. Mzee alikuwa tayari ufukweni na mfuko wa nguo kavu, injini ya gari ikiunguruma, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

Vidole vilipoanza kumtii tena, alisema neno moja tu kuhusu jambo lile: "Ndugu, kuogelea najua. Pumzi ndiyo ilikataa."

Sheria ya Kentucky inadai kila aliye kwenye chombo awe na jaketi la kujiokoa. Kuwa nalo chini ya kiti hakutoshi. Sisi tuna sheria zetu juu ya hiyo: jaketi huvaliwa na kufungwa, nguo kavu ziko kwenye mfuko usiopitisha maji, na hakuna anayetoka nje ya macho ya mwenzake. Mtu akipiga simu Ijumaa usiku kusema amepata nafasi lakini wenzake wote wana zamu, jibu ni kwamba asubiri. Urafiki wa kundi hili ulianza kwa kugawana mafuta ya gari. Tangu siku ile umekuwa ndio kibali cha kuingia majini.

Hali ya hewa yenyewe haina subira. Wenyeji wa Kentucky wana majina ya baridi zinazorudi baada ya joto kuanza, na kila moja wameipa jina la mti unaochanua wakati huo. Kuna baridi ya redbud, mti wa maua ya zambarau yanayotoka moja kwa moja kwenye matawi makavu. Baadaye huja baridi ya dogwood, mwenye maua meupe, kisha baridi ya blackberry hata mwezi Mei. Mvuvi wa Lamu au Kilwa anayepanga mwaka wake kwa kaskazi na kusi angewaelewa wazee hawa upesi. Baridi hizo zikiingia, anga hutakata, upepo hugeuka kutoka kaskazini, na besi waliokuwa wakila jana hubana vinywa. Siku kama hiyo tunasogea kwenye maji yenye kina, tunatumia jigi, chambo kidogo chenye uzito kinachoburutwa chini taratibu, na tunapunguza matarajio.

Jambo moja lilichukua muda kukubalika katika kundi: kumwachia samaki. "Huyu ni chakula," ndugu wa Uvira alikuwa akisema, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa kwao samaki aliyevuliwa ni mchango wa nyumba. Kuachia besi kulienea Marekani baada ya mwaka 1972, Ray Scott alipoanza kuwahimiza washindani wasiue samaki wao, na leo karibu kila mvuvi wa besi hufanya hivyo. Mwafaka wetu ulipatikana kwa samaki mwingine, krapi, mwembamba wa madoadoa, ambaye Kentucky Lake inasifika kwake. Yeye huzaa kwa wingi, nyama yake ni nyeupe na laini, na sheria inaruhusu kuchukua idadi nzuri kwa siku. Kwa hiyo besi hurudi majini na krapi huenda nasi nyumbani Bowling Green, akakaangwa mzima na kuliwa na bugali. Mzee siku hizi hula kwa mkono.

Mimi nilimjua besi sokoni Naivasha kabla sijajua alikotoka. Aliletwa katika ziwa letu kutoka Marekani mwaka 1929, na baada ya maji kupungua na samaki kuadimika akapandikizwa tena miaka ya baadaye. Mwaka 1970 akaletwa pia kamba mwekundu ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani, na besi wa Naivasha akajikuta anakula chakula cha mababu zake katika Bonde la Ufa. Huyu ni samaki aliyesafirishwa sana. Rekodi ya dunia ya besi mdomo-mpana, zaidi kidogo ya kilo 10, inashikiliwa na watu wawili: George Perry, aliyemvua wake Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita, aliyemvua wake katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Kuhamisha samaki kuna gharama, na maziwa yote mawili ninayoyapenda yanailipa. Naivasha samaki wa kigeni, yule aitwaye kapi, alionekana mwaka 2001 na katika miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu. Kentucky Lake imevamiwa na jamaa yake, kapi wa fedha wa kutoka Asia, aliyeletwa Marekani miaka ya 1970, akatoroka kwenye mabwawa na kupanda mto kwa mto. Hula vijiumbe vidogo ambavyo dagaa wa ziwa wanavitegemea, na husikia mlio wa injini akaruka juu kiasi cha kumjeruhi mtu. Mwaka 2019 kwenye lango la meli la bwawa la Barkley kulifungwa kizuizi cha sauti na mapovu kujaribu kumrudisha. Nikimwona akiruka mbele ya boti iliyopita mbali, huwaza juu ya wavuvi wa nyumbani waliobadilishiwa ziwa bila kuulizwa.

Kufikia katikati ya Aprili kipimajoto husoma 60. Madume hutangulia kwenye maji machache, hufagia changarawe kwa mkia hadi kuwe na duara jeupe linaloonekana kutoka juu, na humsubiri jike. Akishataga, huondoka. Dume hubaki analinda mayai na baadaye watoto, na hushambulia chochote kinachokaribia, chambo kikiwemo. Kumvua wakati huo ni rahisi, na sheria ya Kentucky haikatazi. Dume akiondolewa, samaki wadogo wanaongoja pembeni huingia kwenye duara na kula mayai.

Hapo ndipo kundi letu lilipogawanyika. Mzee amevua hivyo tangu ujana wake na anaamini dume akiachiwa upesi hurudi kazini, ziwa likaendelea kama kawaida. Dada wa Mwanza hakukubali. Aliwaona watu wa kwao wakiburuta makokoro kwenye mazalia ya sato, nyavu ambazo serikali imezipiga marufuku, na anasema ameshaona ziwa kubwa likipungukiwa samaki. Mimi niko upande wake. Madume wakishafagia changarawe, sisi watatu hutoka mahorini na kupiga kafi hadi kwenye rasi za ziwa kuu, tukatafuta majike waliokwisha kutaga na wanaorudi kwenye kina wakiwa na njaa. Ni mwendo mrefu, upepo ni mkali zaidi, na samaki ni wachache. Msimu uliopita mzee naye alielekeza kayaki yake huko pamoja nasi, ingawa hoja yake hajaibadilisha.